Vyakula Vigeni Katika Safari ya Meli



Sisi watu wa pwani tuna neno moja ambalo hutuponyoka upesi sana, nalo ni neno "haramu". Tukiona chakula ambacho mama zetu hawakupata kukipika, twasema haramu. Tukiona samaki hakukaangwa wala hakutiwa nazi, twasema haramu. Na tukiletewa majani yasiyotoka katika mashamba yetu, twatazamana kana kwamba tumeletewa sumu. Wako na wenzetu wengine, khasa vijana waliokaa ugenini, ambao neno lao ni "hakuna neno", nao hulitamka kabla hawajauliza ndani ya chungu mmetiwa nini. Mimi nilipata kukaa siku saba baina ya makundi haya mawili, katika meza moja, juu ya bahari. Nimeona niyaandike niliyoyaona, maana safari za namna ile siku hizi zimekuwa nyingi, na watoto wetu walioko Omani na nchi za Ghuba huwaalika wazee wao.

Mwezi wa Januari mwaka 2024, mpwa wangu afanyaye kazi Muscat alimwalika mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, akanitaka na mimi nifuatane naye, kwa kuwa dada hajapata kusafiri pasipo mahramu. Tulipanda meli Dubai, ikatupeleka Abu Dhabi na Muscat, kisha ikaturejesha Dubai. Ilikuwa meli ya Wazungu, orofa zaidi ya kumi, na abiria wake ni maelfu. Nayajua yatakayosemwa juu ya mwalimu wa chuo kupanda meli ya starehe. Mengine nimekwisha kuyasikia, na mengine yamesemwa na watu ambao wangepewa tikiti wangekuwa wa mwanzo bandarini. Humo mna ngoma na mna ulevi, lakini hapana aliyetushika mkono akatutia humo. Nataka kueleza habari za chakula tu.

Chakula katika meli zile hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukumbi wa juu, ambako vyakula hupangwa juu ya meza ndefu mfano wa sokoni, na kila mtu hushika sahani akajipakulia, toka alfajiri mpaka usiku. Ya pili ni ukumbi wa chakula cha jioni, ambako mtu huketi, akaletewa orodha ya vyakula, akachagua, na mtumishi akamletea kimoja baada ya kimoja, na mbele yake zimepangwa nyuma na visu kama vyombo vya mganga. Kanuni yao ni kuanza na vile vya nje na kuingia ndani. Wazungu hushika uma kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nikikata kwanza chakula chote kwa kisu, kisha nikiuhamisha uma mkono wa kulia nikala kwa Bismillahi. Hapana aliyenicheka, na kama yuko aliyecheka, hakunipunguzia shibe.

Ule ukumbi wa juu ndio uliotutia katika mashaka siku ya kwanza. Dada yangu alisimama mbele ya meza akaona nyama ya nguruwe imekatwa vipande vyembamba vyekundu, na pembeni yake samaki, na koleo la kupakulia likitoka huku likienda kule. Akarudi nyuma hatua tatu. Akasema meza yote ni najisi, na kwamba yeye atakula tende alizokuja nazo na mkate na chai mpaka tutakaposhuka. Mwanawe akamwambia, "Mama, kula tu, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe." Maneno haya mawili hayakunipendeza hata moja. Huyu amekifunga alichokifungua Mwenyezi Mungu, na yule ameomba msamaha kabla ya kujua kosa.

Dada yangu wakati ule alikuwa mtu wa miaka 63, mzaliwa wa Jambiani, naye ana maradhi ya sukari, humeza dawa asubuhi na jioni. Alishika neno lake. Siku ya pili alimeza dawa akala tende mbili na kipande cha mkate, adhuhuri akanywa chai isiyo na sukari, na alasiri, alipokuwa ameketi sitahani akitazama maji, akaanza kutoka jasho ilhali upepo ulikuwa wa baridi. Mikono ikamtetemeka. Nilimwita kwa jina akanitazama kama asiyenijua. Mke wa mpwa wangu alikuwa na akili ya haraka kuliko sisi wanaume wawili. Alimnywesha glasi nzima ya maji ya machungwa, na baada ya muda wa kama robo saa dada akaanza kurejewa na maneno. Daktari wa meli alipomtazama alisema neno moja tu: dawa ya sukari na tumbo tupu havikai pamoja. Mpwa wangu alitoka nje ya chumba cha daktari akageukia ukutani, nami nikamwacha alie.

Usiku ule sikumpa dada mawaidha marefu. Nilimkumbusha kisa ambacho yeye na mimi tulikisikia tungali watoto kwa mwalimu wetu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa katika nyumba ya Bibi Maymuna, akaandaliwa mnyama wa jangwani aitwaye dhabbi, mfano wa guruguru wetu, naye amechomwa. Mtume akanyosha mkono, na alipoambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid bin Walid, aliyekuwapo, akamwuliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila mnyama huyo hayuko katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Basi Khalid akaivuta sahani kwake akala, na Mtume anamtazama.

Dada akanyamaza, kisha akaniuliza, "Yaani kukataa si dhambi?" Nikamwambia si dhambi. "Na kula si dhambi?" Nikamwambia kile kilicho halali si dhambi. Akasema, "Basi kesho nitazame mimi ninapokataa, uniambie ni dini au ni pua yangu." Nami nikakubali kazi hiyo. Kwa siku zilizobaki ndiyo iliyokuwa kazi yangu melini, na ilikuwa ngumu kuliko kusomesha watoto arobaini.

Lakini mwalimu hawezi kutoa hukumu ya chungu asichokiona. Hapa ndipo Mwenyezi Mungu alipotujaalia mtumishi wa meza yetu, kijana Mwislamu kutoka Sulawesi, Indonesia. Alipoliona buibui la dada alitoa salamu kabla ya kutoa orodha. Watu wa kwao wengi ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi, na ingawa Kiingereza changu ni cha kuokoteza na yeye hajui Kiswahili, tulikuta kwamba kiti kwake ni "kursi" na wakati ni "waktu", tukafurahi kama jamaa waliopotezana. Kila jioni alisimama nyuma ya bega langu akapitisha kidole juu ya orodha: hiki kina mvinyo, hiki kina mafuta ya nguruwe, hiki ni salama, hiki nitauliza jikoni. Tuliacha nyama zote kwa kutojua zilivyochinjwa, tukabaki na vya baharini na mboga na nafaka. Na sahani zetu zikawa zinatoka jikoni moja kwa moja, hazipiti katika lile koleo la juu.

Sasa nieleze tulivyovionja.

Jioni ya tatu paliletwa zeituni. Ndugu wasomaji, dada yangu amesoma "Wattini wazzaytuni" tangu utoto wake, na mafuta ya zeituni hupaka magoti kila msimu wa kipupwe. Lakini tunda lenyewe hakupata kulitia kinywani. Alilipokea kwa heshima kubwa, akasoma Bismillahi kwa sauti, akatafuna, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa kwinini. Akalimeza kwa ajili ya sura. Nilipouliza nikaambiwa kwamba zeituni ikitoka mtini ni chungu haiwezi kuliwa, hata ikae majuma katika maji ya chumvi ndipo ule uchungu utoke, na chumvi ndiyo aliyoionja. Siku ya nne alikula mbili. Siku ya sita alizitaka mwenyewe.

Wataliana wana wali wao waitao risoto, upikwao kwa mchele wa punje fupi zilizonenepa, na supu hutiwa kidogo kidogo huku mpishi akikoroga. Kwa kuutazama ni mashendea yetu hasa. Dada aliusogelea kwa furaha, lakini kijana wetu akausogeza upande wa pili: huo hutiwa mvinyo mweupe mwanzoni mwa kupikwa. Mpwa wangu akasema mvinyo huruka wote kwa moto. Hili nalo ni neno linalosemwa sana na si kweli. Wataalamu wa lishe wa Marekani walilipima jambo hili, na hesabu zao zaonyesha kwamba chakula kilichotiwa mvinyo kikatokota nusu saa hubakiwa na kama asilimia 35 ya ule ulevi, na hata baada ya saa nzima hubakia kama robo. Kijana akatuletea mwingine uliopikwa kwa maji ya mboga na uyoga. Ulikuwa mzuri, ila moyo wa punje waliuacha mgumu kidogo kwa makusudi, na dada akasema kwao mwali aliyepika hivyo angerudishwa jikoni. Hiyo ilikuwa ni pua, si dini, nami nilimwambia.

Kome walikuja katika ganda lao jeusi, kwa kitunguu thomu na nyanya. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi katika vya baharini hula samaki tu, nao wana hoja zao. Sisi kwa madhehebu yetu twashika uenevu wa aya ya 96 ya sura ya tano, iliyohalalisha mawindo ya bahari. Niliwakumbusha jamaa zangu kile kikosi cha masahaba kilichoongozwa na Abu Ubayda, kilivyoshikwa na njaa mpaka watu wakala majani, kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mfano wa kilima, wakamla siku nyingi, na waliporejea Madina Mtume akataka waliobaki naye apewe sehemu. Basi kome tukala, baada ya kuhakikisha kwamba havikutiwa mvinyo ndani ya mchuzi.

Konokono tuliwakataa. Wafaransa huwapika kwa siagi na majani, na harufu yake, sisemi uwongo, ilikuwa nzuri mno. Wamaliki wana ruhusa yao. Sisi kwetu hapana. Mjukuu wa dada, mtoto wa miaka tisa, akaniuliza, "Babu, hii ni dini au ni pua?" Nikamwambia hii ni dini, maana pua inataka.

Kulikuwa na jibini yenye mishipa ya ukungu wa buluu, ambayo Wazungu huila mwisho wa chakula. Hii niliionja peke yangu. Ladha yake ni ya samli iliyosahauliwa kabatini na kisha ikatubu. Sikurudia.

Lakini chakula kilichotunyamazisha sote kilikuwa pweza. Orodha ilimtaja kwa jina la Kitaliano, hatukumjua, na alipokuja amelala baridi juu ya viazi, amekatwa vipande, ametiwa ndimu na mafuta ya zeituni na majani mabichi, dada alimgeuza kwa uma mara mbili, kisha akasema, "Huyu namjua." Ni mtu aliyechokoa pweza miambani kwa mikono yake, akawapiga juu ya mawe hata wakalainika, akawapika kwa nazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikula sahani yake akaimaliza, akala na ya mke wa mwanawe. Akasema kilichokosekana ni pilipili tu.

Jioni ya tano ilikuwa ya vyakula vya Mashariki ya mbali, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa ajili yake nimechukua kalamu. Palikuwa na kile chakula cha Wajapani kiitwacho sushi: wali uliotiwa siki na sukari na chumvi, ukazungushwa kwa karatasi nyeusi, na ndani yake kipande cha samaki mbichi. Samaki hahitaji kuchinjwa, na ubichi peke yake si haramu. La kuogopa ni madhara, na kwa hili huwagandisha samaki kwanza kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili wadudu wafe. Mimi nilikula kimoja. Pembeni waliweka ugando wa kijani ambao mpwa wangu alinikataza, nikautia, na machozi yakanitoka puani. Dada hakujali samaki wala machozi yangu. Alikuwa ameibandua ile karatasi nyeusi, akainusa, akaishika baina ya vidole viwili kama ashikavyo muuza khanga.

"Huu ni mwani," akasema.

Kilimo cha mwani kwetu Unguja kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na dada yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo mwanzo walioingia majini. Kwa miaka 35 amefunga mwani kambani, amechimbia vigingi, ameubeba kichwani ukiwa unachuruzika maji, ameuanika, ameuuza kwa kilo kwa bei ambayo kila mara alikuwa akipangiwa na mnunuzi. Ule wa bei nzuri zaidi, uitwao cottonii, umekuwa ukifa kwa joto la maji ya ufukweni. Nyumba yake ya mawe ni mwani, na ada za shule za huyu mwanawe aliyetualika ni mwani. Wala hakupata kuula hata mara moja, wala hakuambiwa kwa yakini unakwenda wapi. Wengine kijijini walikuwa wakisema unakwenda kufanywa dawa ya meno, wengine wakisema baruti.

Kijana wa Sulawesi aliuliza Bibi anasema nini. Mpwa wangu akamfasiria. Kijana akaweka chini sahani alizozishika, akanyosha mikono yake miwili hewani, akafunga fundo lisilokuwa na kamba: mzunguko mmoja, kitanzi, akavuta. Dada akacheka kwa sauti, akanyosha ya kwake akafunga fundo lile lile. Kumbe nchi yao yalima mwani wa jinsi yetu kwa wingi mno, na mama yake kijana yule hulima.

Yeye ndiye aliyetueleza. Ile karatasi ya Wajapani ni mwani wa jamii nyingine, lakini mwani wetu sisi husagwa ukatolewa unga uitwao karajina, na unga huo hutiwa katika aiskrimu, katika maziwa ya chokoleti na vitamtam vya maziwa, ili vishikane na kuwa vizito. Kazi hiyo mahali pengine hufanywa kwa jelatini, itokayo katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Kwa muda wa siku tano tulikuwa tumeviacha vitamtam vyote kwa kuogopa jelatini. Kijana akaenda jikoni, akakaa, akarudi na vikombe vidogo vya chokoleti ya maziwa, akasema amesoma mwenyewe maandishi ya pakiti: hakina jelatini, kina karajina.

Dada alikitazama kikombe muda mrefu. Kwa sababu ya maradhi yake hakuweza kula zaidi ya kijiko kimoja, na kijiko hicho alikila polepole sana. Kisha akasema, "Kumbe na mimi nimo humu jikoni." Akamwuliza mwanawe kikombe kama kile huuzwa kiasi gani Muscat. Alipotajiwa bei, alipiga hesabu ya kilo kwa vidole vyake, mara ya kwanza, na mara ya pili, na hakutuambia jumla yake.

Tulirejea Unguja mwezi wa Februari. Nimeulizwa mengi juu ya safari ile, na kwa kweli ni machache yaliyohusu chakula. Wengi walitaka kujua kama niliona watu wakiogelea. Dada hakuulizwa, alianza mwenyewe. Siku moja bamvua lilipotoa maji aliuchukua mwani mbichi kidogo, akaukosha maji matatu kuondoa mchanga na chumvi, akaukata mdogo mdogo, akautia ndimu, kitunguu, nyanya na ile pilipili iliyokosekana melini, akauandaa pamoja na wali na changu wa kukaanga, akawaita wenzake wa shamba la baharini. Nami nilikuwapo. Wanawake saba walikaa mkekani wakaitazama bakuli. Mmoja, ambaye amelima mwani miaka mingi sawa na dada, alisema kitu kile ni haramu.

Dada akamwuliza, "Ni dini, au ni pua yako?" Akamsogezea bakuli, na yule mama, baada ya kunitazama mimi nami nikatazama chini, akachota kwa ncha za vidole vitatu.